Binti akirudi na jeraha, liandikwe siku hiyo hiyo

Musoma. Kesi ya mauaji inayotokea Bunda au Butiama haiishii wilayani. Jalada hupanda hadi Mahakama Kuu mjini Musoma, na mshtakiwa husubiri mahabusu kwa sababu kosa hilo halina dhamana. Akiwa mama anayenyonyesha, mtoto huingia naye gerezani.

Miongoni mwa wanawake wanaofikishwa mahakamani kwa kosa hilo nchini, wapo waliopigwa na waume zao kwa miaka, na siku moja wakajitetea. Mahakama huchunguza usiku ule mmoja: nani alianza, nani alishika nini, nani alikuwa na nafasi ya kukimbia. Miaka iliyotangulia haimo kwenye jalada kama hakuna aliyeiandika.

Hapo ndipo mzazi anapohusika, tena mapema, kabla mtu hajafa.

Sheria inasemaje

Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinasema hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake kwa kisingizio cha kumwadhibu. Lakini Utafiti wa Afya na Idadi ya Watu wa 2015-16 ulionyesha kuwa asilimia 58 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 nchini walikubali mume ana haki ya kumpiga mkewe kwa angalau sababu moja. Kipigo kinachoonekana cha kawaida hakipelekwi polisi.

Kanuni ya Adhabu nayo inamruhusu mtu kujitetea kwa nguvu inayolingana na hatari iliyomkabili. Hatari ikiwa ya kifo au jeraha kubwa, haki hiyo inaweza kufika hadi kusababisha kifo cha mshambuliaji. Nguvu ikizidi, kosa huwa kuua bila kukusudia, ambalo adhabu yake inaweza kuwa hadi kifungo cha maisha. Mahakama ikiona alikusudia kuua, adhabu iliyowekwa ni moja: kunyongwa. Mjamzito hufungwa maisha.

Mwaka 2019, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha iliamua katika shauri la Ally Rajabu na wenzake kuwa kumfunga jaji mikono kwa adhabu moja ya kifo kunakiuka haki ya kuishi.

Ugumu uko kwenye kulinganisha nguvu. Mwanamke aliyezidiwa mwili hashindani kwa ngumi. Hushika kilicho karibu, kiwe kisu cha jikoni au mchi. Upande wa mashtaka unaweza kusema alipigwa kwa mikono, akajibu kwa chuma. Utetezi wa kughadhibishwa nao unataka hasira iwe ya ghafla, kabla mtu hajapata muda wa kutulia. Aliyepigwa miaka kumi, kisha akajibu saa mbili baada ya kipigo cha mwisho, huonekana alipanga. Kumbe kwa aliyezoea kupigwa, saa hizo mbili ni za kusubiri kipigo kingine.

Historia ikifika mahakamani

Historia hiyo ikifahamika, hukumu inaweza kubadilika. Mwaka 2021 Mahakama Kuu ya Kenya mjini Siaya, ng'ambo ya Ziwa Victoria, ilimpa kifungo cha siku moja mwanamke aliyemuua mumewe bila kukusudia, baada ya kupima ukatili aliokuwa akifanyiwa.

Uingereza, Kiranjit Ahluwalia alihukumiwa kifungo cha maisha mwaka 1989 kwa kumuua mume aliyemtesa takriban miaka kumi. Ushahidi wa kitabibu kuhusu hali ya akili yake haukuletwa kwenye kesi ya kwanza. Mwaka 1992 rufaa ilipousikia, hukumu ya mauaji ilitenguliwa na mwaka huo huo akaachiwa.

Mzazi afanye nini

Kwanza, binti akifika na jeraha, mpeleke polisi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto. Apewe PF3, kisha aende hospitali, na mganga aandike alichokiona. Tunza nakala na namba ya RB nyumbani kwako, si kwa mumewe. Piga picha ya jeraha na uandike tarehe.

Pili, ng'ombe wa mahari wasiwe sababu ya kumrudisha. Kwa Sheria ya Ndoa, talaka hutolewa mahakama ikiridhika kuwa ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika, na ukatili ni miongoni mwa ushahidi wake. Kurudisha ng'ombe si sharti la talaka.

Tatu, akikosa pa kulala, uliza dawati au ofisi ya ustawi wa jamii kuhusu nyumba salama. Butiama ipo moja, inayoendeshwa na shirika la Hope for Girls and Women.

Nne, kama jambo limeshatokea, asiandikishwe maelezo peke yake. Ana haki ya kunyamaza na ya kuwa na wakili au ndugu wakati wa kuhojiwa. Anayeshtakiwa kwa mauaji bila uwezo wa kulipa hupangiwa wakili na serikali. Huyo wakili aambiwe kila kitu mapema: vipigo vya nyuma, majirani waliosikia kelele, mjumbe aliyeamua ugomvi.

Familia nyingi husuluhisha ndoa kwenye kikao cha wazee. Binti hukanywa, mkwe huonywa, watu hula na kutawanyika bila muhtasari. Miaka mitano baadaye wakili anauliza ni mara ngapi alikimbilia kwao, na kila mzee anataja idadi yake. Kwenye kikao kijacho awepo mtu mwenye daftari: tarehe, waliohudhuria, binti alisema nini, mkwe aliahidi nini. Wote wasaini, na daftari libaki kwa mama.