Mpe mwanao kitunguu akate, kisha msikilize

Mzazi, mara ya mwisho kuketi na mwanao bila kumuuliza matokeo ya mtihani au kwa nini amechelewa kurudi ilikuwa lini? Wengi wetu tukisema "njoo hapa tuzungumze", mtoto anajua kesi imeanza, na anajifunga hapo hapo.

Linda Thomas-Greenfield aliitumikia Marekani katika diplomasia kwa miaka 35 kuanzia 1982, kisha akarudi kuwa balozi wake Umoja wa Mataifa mwaka 2021. Ni mzaliwa wa mji mdogo wa Baker, Louisiana, mkubwa kati ya watoto wanane. Baba yake hakujua kusoma wala kuandika. Anasema wema na huruma alivifunza kwa mama yake.

Mafunzo hayo yalimfaa Aprili 1994. Wakati huo alifanya kazi Nairobi, akishughulikia wakimbizi, na alikuwa amekwenda Kigali mauaji ya kimbari yalipoanza. Kijana mwenye bunduki alimdhania kuwa ni Agathe Uwilingiyimana, Waziri Mkuu wa Rwanda, ambaye aliuawa siku hizo. Linda hakupiga kelele. Alimtajia kijana jina lake, akamuuliza na la kwake, wakazungumza. Alitaka kijana yule ajue kwamba aliye mbele yake ni mtu. Alinusurika.

Baadaye, kila alikopangiwa kazi, aliwaita wageni jikoni kupika gumbo, mchuzi mzito wa kwao Louisiana. Inasemekana jina hilo lilitoka Afrika, na maana yake ni bamia. Wageni walikata vitunguu na pilipili hoho huku wakizungumza.

Jiko halikumaliza kila ugomvi. Februari 2024 alipiga kura ya turufu kuzuia azimio la kusitisha vita Gaza, na alilaumiwa sana. Lakini kwa nyumbani, njia yake inafaa kujaribiwa. Kijana wa miaka 15 asiyekutazama usoni mkiwa sebuleni, mpe mchicha achambue au nazi akune, nawe ukae pembeni ukifanya lako. Macho yakiwa kwenye kazi, mdomo hulegea. Muulize kuhusu rafiki yake mpya, anaitwa nani, anaishi wapi. Akinyamaza, endelea kukata vitunguu. Na akitaja jambo la kukushtua, usiweke kisu chini haraka.