Kitako cha Kopo, Kimo cha Gunia

Mnunuzi mzoefu wa maharage ya kupima haangalii tu kama kopo limejaa hadi juu. Huchungulia ndani kabla halijajazwa, kwa sababu anaujua ujanja wa zamani wa kubonyeza kitako: kopo likigongwa kwa chini mpaka kitako kikaingia ndani, kimo chake hakibadiliki kwa nje, lakini konzi moja ya maharage imebaki kwenye gunia la muuzaji. Mwaka 2008, huko Marekani, jambo la ukoo huohuo lilifanyika kiwandani. Siagi ya karanga ya Skippy, ambayo wakati huo ilikuwa mali ya Unilever, ilitiwa kwenye chupa yenye kimo na upana uleule, ila kitako chake kilikuwa kimeingizwa ndani zaidi. Ujazo ukashuka kutoka wakia 18 hadi wakia 16.3, yaani kutoka takribani gramu 510 hadi 462. Tofauti na kopo la sokoni, uzito mpya uliandikwa kwenye lebo, kwa hiyo hakuna sheria iliyovunjwa. Makampuni hujitetea kwa tofauti hiyo kila mara. Mimi naona haitoshi. Kupunguza kilichomo kimyakimya huku sura ya bidhaa ikiachwa vilevile ni kupandisha bei bila kumwambia anayelipa, na ni haki ya mlaji kuambiwa.

Hesabu yake ni ya darasa la sita, ila huwa haifanyiki dukani. Tuchukue mfano wa pakiti ya gramu 400 inayouzwa shilingi 2,000. Kilo moja hapo ni shilingi 5,000. Gramu zikishuka hadi 360 na bei ikabaki palepale, kilo imefika takribani shilingi 5,556, na kwa hiyo upungufu wa asilimia 10 umezaa ongezeko la bei la asilimia 11. Ukipunguza asilimia 20, bei imepanda kwa robo nzima. Jicho nalo halisaidii sana. Fikiria boksi lenye kimo cha sentimita 20, upana wa sentimita 14 na kina cha sentimita 5. Punguza kina peke yake hadi sentimita 4.5 na moja ya kumi ya ujazo imekwenda, ilhali uso unaomtazama mteja pale kwenye rafu haukuguswa hata kidogo. Mjerumani Ernst Heinrich Weber alionyesha katika karne ya 19 kwamba hisi zetu hutambua mabadiliko kwa uwiano: kadiri kitu kinavyokuwa kizito, ndivyo tofauti inavyohitaji kuwa kubwa zaidi ndipo mkono uihisi. Mama aliyebeba kapu lenye unga, sukari na mafuta hawezi kuhisi gramu 40 zilizopotea ndani ya pakiti moja.

Hapa ndipo chapa inapoingia, na kwangu hili ndilo zito kuliko yote. Kampuni hulinda rangi yake, maandishi yake na umbo la chupa yake kwa mawakili na kwa fedha nyingi, kwa sababu sura hiyo ni ahadi. Humwambia mteja asipoteze muda kusoma, kwani kilichomo ni kilekile alichokizoea. Mtu anayenunua sabuni ileile kwa miaka kumi hasomi tena gramu, na hana kosa, maana kutosoma ndilo tunda la uaminifu ambao kampuni yenyewe iliupanda. Anayepunguza kilichomo akaiacha sura anautumia uaminifu huo kama pazia. Ushahidi mzuri ni kisa cha chokoleti ya Toblerone nchini Uingereza mwaka 2016. Mondelez, kampuni inayoitengeneza, ilishusha mche wa gramu 400 hadi 360, na ule wa gramu 170 hadi 150, kwa kutanua nafasi kati ya vilele vyake vya pembetatu. Watu walilalamika nchi nzima, na mwaka 2018 kampuni ikatangaza kurudisha umbo la awali katika mche wa gramu 200. Kelele zile zilitokea kwa kuwa safari hii kisu kiliigusa sura yenyewe; vile vilele ndiyo nembo. Bidhaa nyingi zilizopunguzwa miaka hiyohiyo bila kuguswa sura zilipita bila neno.

Na zilikuwa nyingi kweli. Ofisi ya Taifa ya Takwimu ya Uingereza ilihesabu bidhaa 2,529 zilizopungua ukubwa kati ya Januari 2012 na Juni 2017, dhidi ya 614 zilizoongezeka. Makampuni yana jibu: gharama za malighafi zimepanda, nasi hatuna budi. Jibu hilo lina ukweli wake, na mwandishi anayelikataa moja kwa moja hajawahi kuangalia bei ya ngano, mafuta au usafiri ikiruka ndani ya miezi michache. Lakini takwimu hizohizo zilionyesha kwamba kundi la sukari, chokoleti na pipi ndilo lililoathirika zaidi, wakati bei ya sukari inayoingizwa Ulaya ilikuwa ikishuka tangu katikati ya mwaka 2014. Hata tukikubali kwamba gharama zilipanda, bado kupanda kwa gharama ni sababu ya kupandisha bei, si sababu ya kunyamaza. Kinachochagua ukimya ni tabia ya wanunuzi. Utafiti wa soko la aiskrimu mjini Chicago, uliochapishwa mwaka 2014, uligundua kwamba mwitikio wa wanunuzi kwa mabadiliko ya ukubwa wa pakiti ni kama robo tu ya mwitikio wao kwa mabadiliko ya bei. Mfanyabiashara anayejua hivyo atapunguza gramu kabla ya kugusa bei, na yule mkweli anayepandisha bei waziwazi ndiye atakayekimbiwa na wateja. Ndiyo maana siwaombi wenye viwanda waone haya tu, maana haya ya mmoja ni faida ya jirani yake.

Tanzania tunalijua jambo hili kwa upande wake wa pili, na tumekwisha kulipa jina: lumbesa. Mkulima wa viazi au vitunguu anauza kwa gunia. Mnunuzi anakuja na gunia, likajazwa, likaongezewa kilemba cha nyavu na kamba juu ya mdomo, kimo kikapanda, uzito ukapita kilo 100, na bado linahesabiwa gunia moja kwa bei ya gunia moja. Wakala wa Vipimo umekuwa ukipiga vita lumbesa kwa miaka, na ni haki kabisa. Lakini tazama mbinu ilivyo: kizio kinachotajwa wakati wa kupatana bei kimeshikiliwa, kilichomo kimebadilishwa. Shambani gunia linabaki moja na viazi vinaongezeka. Dukani pakiti inabaki moja na gramu zinapungua. Aliye dhaifu katika mapatano ndiye anayeumia pande zote mbili, na mara nyingi ni mtu yuleyule, mkulima aliyeuza lumbesa asubuhi na jioni akanunua sabuni iliyopunguzwa. Tofauti ya kisheria ipo, kwa kuwa pakiti imeandikwa uzito wake na lumbesa haikupimwa. Ila kuandikwa gramu 360 kunamwambia mteja kilichomo leo tu. Hakumwambii kwamba mwezi uliopita zilikuwa 400, na hilo ndilo linaloamua kama atanunua.

Kuna pingamizi moja ambalo ni gumu kweli, nalo ni la sarafu. Bidhaa ya shilingi 100 au 200 haiwezi kupanda kwa asilimia 10, maana chenji ya namna hiyo haipo. Kibarua anayelipwa kwa siku hununua mafuta ya kupima, majani ya chai ya siku mbili na kipakiti cha sabuni ya kufulia mara moja, na kwake bei inayolingana na sarafu iliyo mkononi ina maana kuliko bei ya kilo. Ukimwambia mwenye kiwanda asipunguze, atapandisha kutoka 200 hadi 250 au ataiondoa bidhaa sokoni, na maskini ndiye atakayekosa. Nakubali yote hayo. Vipakiti vidogo ni huduma ya kweli na sitaki vipigwe marufuku. Lakini sarafu inalazimisha kupunguza, hailazimishi kuficha. Tena anayehesabu sarafu ndiye anayehitaji zaidi kujua kama kipakiti kilichofua shuka mbili kitafua moja na nusu, kwa sababu yeye hana akiba ya kuziba pengo hilo mwisho wa wiki.

Nchi nyingine zimeanza kutunga kanuni. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 1998 inataka rafu ionyeshe bei ya kilo au lita kando ya bei ya pakiti. Ufaransa, tangu tarehe 1 Julai 2024, maduka yenye ukubwa unaozidi mita za mraba 400 hutakiwa kubandika tangazo kwa miezi miwili bidhaa inapopungua na bei ya kizio chake ikapanda. Kanuni hiyo ikihamishwa kwetu kama ilivyo haitafika mbali, kwa sababu sehemu kubwa ya manunuzi yetu hupitia duka la mtaani lenye nondo dirishani, ambako hakuna rafu ya mteja kusoma, na muuza duka mwenyewe alinunua katoni kwa jumla bila kuambiwa. Korea Kusini imepita njia inayotufaa zaidi: tangu Agosti 2024 mzigo wa kutangaza upungufu uko kwa mtengenezaji, kwa muda wa miezi mitatu, na asipofanya hivyo anatozwa faini. Kenya tayari ina msingi wa kikatiba, kwani ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 inampa mlaji haki ya kupata taarifa anazohitaji ili anufaike kikamilifu na bidhaa. Tanzania, Wakala wa Vipimo tayari huhakiki kwamba kilichoandikwa kwenye kifungashio ndicho kilichomo; kinachokosekana ni kumtaka mfungashaji aonyeshe pia uzito wa awali anapoubadilisha, usoni mwa pakiti na ubavuni mwa katoni. Nafasi ya maandishi hayo haikosi. Maneno “sasa gramu 360, awali gramu 400” yanatosha palepale ambapo kila siku huchapwa “muonekano mpya.”