Koo Halisomwi kwa Kioo

Tochi ya simu imefanya iwe rahisi kujichungulia kooni, na wengi wanaochungulia hutishika. Tezi moja ya koo inaonekana kubwa kuliko nyingine, ndani yake kuna kitone cheupe, ukuta wa nyuma una vipele, na kwenye shina la ulimi vimejipanga vinundu. Mwenyewe hana homa, anakula na kumeza bila shida, lakini kesho yake yuko duka la dawa akiomba antibiotiki. Hoja yangu ni kwamba koo la mtu mwenye afya haliamuliwi kwa sura yake ya siku moja. Huamuliwa kwa namna linavyofanya kazi, na kwa namna badiliko linavyokwenda wiki baada ya wiki.

Tezi za koo ni walinzi wa mlangoni: hukutana na virusi, bakteria na chembe za chakula kabla ya viungo vingine, kwa hiyo kuvimba kidogo na kunywea tena ni sehemu ya kazi yao. Hukua utotoni, hasa kati ya miaka 3 na 7, kisha hupungua kuanzia balehe. Zina vishimo ambamo mabaki ya chakula na seli zilizokufa hujikusanya na kuwa vijiwe vyeupe vyenye harufu; kusukutua kwa maji ya chumvi mara nyingi hutosha. Vinundu vya shina la ulimi, kwa kawaida 8 hadi 12, ni viungo vya ladha ambavyo kila mtu anavyo. Hata tezi kutolingana mara nyingi hutokana na moja kukaa ndani zaidi ya mwenzake. Kuhangaika kwenyewe huzaa dalili: kumezameza mate na kujichokoa kwa kidole hulikereketa koo, na hofu hukaza misuli yake mpaka mtu ahisi amekwamwa na kitu.

Hofu hii ina gharama. Maumivu mengi ya koo huletwa na virusi, ambavyo antibiotiki haziviui; kuzimeza ovyo huwazoesha bakteria dawa tutakazozihitaji kesho. Zito zaidi ni desturi ya kukata kimeo, ambayo bado ipo katika jamii zetu. Mtoto anakohoa, kimeo kinaonekana kirefu, kinakatwa kwa wembe. Kimeo ni kiungo cha kawaida. Ukataji huo umeleta kutoka damu nyingi, maambukizi, pepopunda na vifo, huku nimonia, pumu au kifua kikuu kilichosababisha kikohozi kikiendelea bila tiba.

Atauliza mtu: je, mafindofindo yasiyotibiwa si ndiyo huharibu moyo? Ni kweli. Bakteria wa streptokoka wanaweza kuleta homa ya rumatiki, hasa kwa watoto na vijana, na valvu za moyo zikaathirika. Ila mafindofindo ya bakteria hao kwa kawaida huja kwa kishindo: homa, maumivu makali ya kumeza, tezi nyekundu zenye usaha na uvimbe wenye maumivu shingoni, mara nyingi bila mafua wala kikohozi. Mtoto wa namna hiyo apelekwe kituo cha afya, na dawa akiandikiwa azimalize. Mwingine ataogopa saratani. Hiyo haipiti kama mafua. Hudumu na kuongezeka. Tezi ya upande mmoja inayozidi kukua, kidonda au sauti ya kukwaruza inayopita wiki 3, uvimbe shingoni usiopungua, sikio la upande mmoja kuuma bila sababu, damu mateni au kupungua uzito: lolote kati ya haya lionwe na daktari, hasa kwa mvutaji sigara au mnywaji pombe. Asiyeweza kufungua kinywa, kumeza mate au kupumua vizuri aende hospitali saa hiyo hiyo.

Kama huna hata moja kati ya hayo, zima tochi, kunywa maji, na uliache koo lako kwa wiki 2 au 3. Likikuletea dalili, mwone daktari. Na kimeo cha mtoto kisiguswe na wembe.