Apolo Kivebulaya: alienda na Biblia na jembe



Tukitaja watu waliotangulia kupeleka imani huku na kukaa kabisa, wengi wetu tunafikiria wazungu tu. Leo tuongee juu ya mwafrika mmoja aliyekuja kuishi mashariki ya Kongo na akafia hapa.

Apolo alizaliwa Buganda karibu mwaka 1864, akaitwa Waswa, jina la pacha wa kwanza. Kivebulaya ni jina la utani: "kitu kilichotoka Ulaya", sababu ya koti ya kizungu aliyovaa. Alibatizwa 1895. Mwaka 1896 akaenda kufundisha Boga, ng'ambo ya milima ya Ruwenzori na mto Semliki. Leo Boga iko katika mkoa wa Ituri.

Kabla yake, walimu wawili Waganda walishafika kule wakashindwa. Kilichowashinda ni njaa. Chifu Tabaro hakupenda mafundisho yao, akakataza watu kuwapa chakula. Ndiyo maana Apolo alibeba Biblia na jembe. Mtu anayelima chakula chake, chifu atamnyima nini?

Haikuwa rahisi. Alipigwa, nyumba yake ikachomwa. Siku moja dada ya chifu alianguka juu ya mkuki wa Apolo uliokuwa kwenye majani, akafa. Apolo akafungwa, akapelekwa Toro. Alipoachiliwa angeweza kurudi kwao Buganda, lakini alirudi Boga. Baadaye Tabaro mwenyewe akabatizwa.

Apolo akawa padri 1903. Kuanzia 1921 alifanya kazi kati ya Wambuti, na Injili ya Marko ikatafsiriwa katika lugha yao. Alikufa Boga tarehe 30 Mei 1933. Aliomba azikwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa pori, kinyume cha desturi, kwa sababu kazi ya kule ilikuwa haijaisha.

Kwa nini nawaandikia haya? Mimi niko na lisansi ya kilimo. Nilipomaliza, nilizungusha CV miezi mingi, sikutaka hata kushika jembe. Kazi ya kwanza niliyopata, niliambiwa niongeze majina ya uongo kwenye listi ya wakulima waliopewa mbegu. Nikaongeza. Nilikuwa na njaa.

Leo niko na muhogo na maharagi yangu hapa Walikale. Si utajiri. Vita ikija, shamba linaachwa usiku mmoja, sote tunajua. Lakini mwaka jana listi nyingine kama ile ilinifikia, nikasema hapana, nikarudi nyumbani kula sombe yangu.

Jembe la Apolo halikumfanya tajiri. Lilimpa nguvu ya kukaa pale wenye chakula walipotaka aondoke. Msomi mwenye diplomu bila hata kipande cha shamba, mwenye sahani ndiye anamwandikia ripoti.

Wewe ungekuwa Boga ule mwaka, ungebeba nini?