Vitamini na Uzee katika Nchi ya Wasukuma

Mnamo mwaka 1912 Casimir Funk, mwanakemia mzaliwa wa Poland aliyekuwa akifanya kazi London, alivipa jina la vitamini vile viini vya chakula ambavyo mwili huvihitaji kwa kiasi kidogo mno, lakini ukivikosa huugua. Tangu hapo watu wengi wamedhani kwamba, kwa kuwa upungufu wa vitamini hufupisha maisha, wingi wake hauna budi kuyarefusha. Hoja hiyo ina kasoro, nayo huonekana vizuri katika mikoa ya Shinyanga na Geita.

Huko mvua aghalabu hukoma mwezi Mei, na mboga mbichi huadimika hadi Novemba. Kwa hiyo Wasukuma hukausha. Viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa vibichi ndiyo michembe. Vikichemshwa kwanza huitwa matobolwa. Majani ya kunde yaliyokaushwa ni nsansa. Hifadhi hii ni ya busara, nayo imewaokoa wengi na njaa. Lakini jua likaushalo huiba pia. Karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, ina mnyororo mrefu wa kaboni wenye vifungo maradufu, na vifungo hivyo huvunjwa na mwanga pamoja na oksijeni. Vitamini C hupotea upesi zaidi. Majani yaliyotandazwa juu ya mwamba mchana kutwa hubakiwa na karotini kidogo kuliko yaliyokaushwa kivulini penye upepo. Viazi vyeupe havina karotini ya kutajika tangu mwanzo. Vya rangi ya chungwa vinayo tele. Tena karotini huyeyuka katika mafuta, hivyo mboga isiyotiwa karanga wala samli humfaa mlaji kidogo tu.

Kwa mzee kuna jambo jingine. Vitamini B12 haimo katika michembe wala nsansa. Hupatikana katika maziwa, nyama na dagaa wa Ziwa Viktoria. Katika chakula imeshikamana na protini, na asidi ya tumbo ndiyo huibandua. Asidi hiyo ikipungua uzeeni, mzee aweza kula nyama na bado akaikosa B12. Damu hupungua, nyayo hufa ganzi, kumbukumbu hudhoofika. Si kila usahaulifu, basi, ni wa uzee. Huu huweza kutibiwa kwa sindano, ukitambuliwa mapema.

Habari ya macho ni ya kusikitisha. Kwa miongo kadhaa vikongwe wa Shinyanga, Mwanza na Geita wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, ushahidi ukiwa macho mekundu. Upungufu wa vitamini A hulikausha jicho, na humfanya mtu asione vema jioni. Wekundu huo aghalabu hutokana na moshi wa miaka mingi wa samadi kavu na mabua, kuni za nchi ambayo sehemu kubwa ya misitu yake ilifyekwa enzi ya ukoloni ili kufukuza mbung'o. Kidonge hakitauondoa, jiko lenye bomba la moshi litasaidia. Mwalimu wa biolojia atakayelieleza hili darasani atakuwa amefanya kazi kubwa kuliko somo la lishe.

Na vidonge je? Huko Finland wanaume 29,133 wavutao sigara, wenye umri wa miaka 50 hadi 69, walifanyiwa jaribio. Matokeo yalitolewa mwaka 1994: waliopewa beta-karotini walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wenzao. Jaribio la Marekani, lililowahusisha pia wafanyakazi waliovuta vumbi la asbesto, lilisimamishwa mwaka 1996 kwa sababu kama hiyo. Vumbi la migodi ya Geita si asbesto. Ni la mawe ya kwatzi, na madhara yake ni makovu ya mapafu na wepesi wa kushikwa na kifua kikuu. Lakini mchimbaji wa Nyarugusu avutaye sigara asivitumainie vidonge vya beta-karotini. Maji yanayonyunyiziwa jiwe kabla halijaingia kwenye karasha humkinga zaidi.