Simu Iliyompita Luteni Kichwani

Jirani yangu hapa Bugolobi, Kampala, ni kapteni mstaafu. Jumamosi asubuhi hukaa barazani na chupa ya chai ya tangawizi, viatu vyake viwili vikiwa kando ya kiti, vimeng'arishwa, visigino vimegusana. Juu yetu ni kilima cha Mbuya na kambi yake ya jeshi. Lori la askari likipita kuelekea huko, mzee hunyamaza mpaka lipotee kwenye kona, ndipo huendelea na alichokuwa akisema.

Wiki mbili zilizopita alinisimulia kisa ambacho hakijanitoka. Alikuwa luteni mpya, umri miaka ishirini na minne, amepewa platuni na gari moja. Dereva wa gari hilo, koplo aliyemzidi miaka kumi, alilirudisha siku mbili baada ya muda aliopangiwa. Luteni akamwita mbele ya platuni. Koplo akaja kwa mwendo wa sokoni, mkono mmoja mfukoni, bereti kaikunja begani.

"Gari lilikuwa wapi, Koplo?"

"Afande, lilikuwa nilikotumwa. Na aliyenituma ni mkubwa kuliko wewe."

Askari wa nyuma walicheka. Luteni akaamuru koplo awekwe mahabusu ya kambi. Kabla jua halijazama, simu ililia kwenye meza ya ofisi ya kikosi. Aliyepiga alikuwa meja mmoja, na maagizo yake hayakupitia kwa luteni wala kwa kamanda wa kombania: mwachieni huyo kijana, ana kazi yangu. Usiku luteni akiwa hemani mwake alimsikia koplo akipita nje taratibu, anapiga mluzi.

"Hakunitukana," mzee aliniambia. "Alipiga mluzi tu. Lakini platuni nzima iliusikia."

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiufikiria mluzi ule. Mtu akisikia askari amemvunjia heshima ofisa wake, wazo la kwanza ni kwamba askari ni mtovu wa nidhamu, au ofisa ni dhaifu. Mara nyingi kuna mtu wa tatu ambaye hatajwi. Askari akimpanda ofisa wake kichwani, mimi sasa hutazama kwanza nani aliyemshikia ngazi. Na nchi hii yetu ya Uganda ina sababu ya kuijua ngazi hiyo kuliko nchi nyingi, kwa kuwa historia yake ya miaka ya kwanza ya uhuru ilijengwa juu yake.

Anzia mwaka 1962. Idi Amin, mmoja wa Waganda wawili wa kwanza kupewa uofisa mwaka 1961, alipelekwa na kikosi chake cha King's African Rifles, jeshi la wakoloni, upande wa Turkana kuzuia wizi wa mifugo. Wanakijiji waliuawa. Wakubwa wa Kiingereza walitaka ashtakiwe. Gavana Walter Coutts, kwa kuwa uhuru ulikuwa mlangoni, alimwuliza Milton Obote, waziri mkuu mpya. Obote akashauri apewe onyo kali, basi. Mtu anaweza kumwelewa Obote: maofisa Waganda walikuwa wachache mno, na kumfukuza mmoja kungekuwa kazi ngumu ya kisiasa. Lakini Amin alijifunza siku hiyo kwamba juu ya kamanda wake kuna mlango mwingine, na kwamba ukibishwa unafunguka.

Januari 1964 askari wa kawaida nao wakaujua mlango huo. Tarehe 23, askari wa Jinja waliasi wakidai mishahara, wakamzuia waziri Felix Onama aliyekwenda kuzungumza nao. Askari wa Kiingereza waliitwa kuizima fujo, lakini nyongeza ya mshahara ilibaki. Tanganyika, ambako moto ulianzia kambi ya Colito siku tatu kabla, jeshi lile lilivunjwa na Jeshi la Wananchi (JWTZ) likaundwa upya Septemba 1, 1964. Kenya, walioasi Lanet walifikishwa mahakama ya kijeshi. Hapa kwetu somo lililobaki kambini lilikuwa jepesi: ukitaka jambo, usimwombe ofisa wako, mshike waziri.

Mtu ambaye napenda Waganda wamkumbuke zaidi katika habari hii ni Shaban Opolot. Yeye ndiye yule ofisa wa pili wa mwaka 1961. Mwaka 1964 akawa mkuu wa jeshi, Amin akiwa naibu wake. Kwenye karatasi kila kitu kilikuwa sawa. Kisha ikaja kazi ya kuwasaidia waasi wa Kongo, na Obote akaishughulikia moja kwa moja na Amin. Fikiria Opolot kila asubuhi: anaingia ofisini, anapigiwa saluti, naye anajua kwamba naibu wake anapokea maagizo mahali ambapo yeye hakaribishwi. Amri gani angempa Amin, na Amin aitii?

Februari 4, 1966, mbunge Daudi Ocheng alisimama bungeni akitaka Amin asimamishwe kazi na achunguzwe juu ya dhahabu ya Kongo na fedha zilizoonekana kwenye akaunti yake. Bunge likaunga mkono hoja. Jeshi lolote lenye mstari ulionyooka lingeanzia hapo. Badala yake, Februari 22 Obote akawakamata mawaziri watano kwenye kikao cha baraza, akamkabidhi Amin jeshi, na Opolot akapandishwa: mkuu wa majeshi ya ulinzi, cheo kirefu kisicho na askari hata mmoja. Mei 24 Amin aliongoza shambulio la Lubiri, kasri la Kabaka wa Buganda, na Kabaka akakimbilia uhamishoni. Kabla mwaka haujaisha Opolot alikuwa amefukuzwa na kuwekwa kizuizini.

Hao wanaopandishwa ili waondolewe wako hadi leo, na si jeshini tu. Nimewaona katika ofisi za serikali na katika magazeti.

Ngazi ile ikamrudia aliyeishika. Desemba 19, 1969, Obote alipigwa risasi mdomoni akitoka kwenye mkutano wa chama Lugogo, mwendo mfupi tu kutoka hapa Bugolobi. Usiku ule Amin alitoroka nyumbani kwake, na Brigedia Pierino Okoya, aliyekuwa chini yake, akamkabili kwa hilo kikaoni, mbele ya wenzao. Hapo ninasimama kidogo. Okoya hakuwa mtovu wa nidhamu. Alisema jambo zito, usoni pa mhusika, katika kikao kilichoitishwa kwa kazi hiyo. Yule koplo wa mluzi hakusema lolote la kweli. Alikuwa na namba ya simu. Ofisa asiyetofautisha watu hawa wawili atamwadhibu mkweli na kumwogopa mwenye simu. Januari 25, 1970, Okoya na mkewe walipigwa risasi nyumbani kwao Koro, karibu na Gulu. Tuhuma zilimwangukia Amin. Mahakamani hakufika.

Obote akaanza kumfanyia Amin kilekile alichomfanyia Opolot: akapandisha maofisa wengine, akina Suleiman Hussein, ili Amin abaki na cheo kikubwa na mikono mitupu. Januari 1971 akaenda Singapore kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola. Inasimuliwa kwamba alipiga simu kutoka huko akiwaagiza maofisa wamkamate Amin. Simu, tena. Tarehe 25, mwaka mmoja kamili baada ya kifo cha Okoya, Amin alikuwa ametwaa madaraka, na Suleiman Hussein hakuuona mwisho wa mwaka. Obote alirudi madarakani baadaye, na mwaka 1985 aliangushwa mara ya pili na makamanda wake, Tito Okello na Bazilio Okello, baada ya manung'uniko marefu ambayo chanzo chake kimojawapo kilikuwa kumpandisha Smith Opon Acak, ofisa mdogo kwao, kuwa mnadhimu mkuu.

Sasa nirudi barazani, maana luteni wa kawaida hawezi kuurekebisha mwaka 1966. Ana koplo mmoja na meja mmoja. Nilimwuliza mzee alifanya nini asubuhi iliyofuata.

Kwanza, alisema, hakumgusa koplo. Kumrudisha mahabusu kungekuwa kupigana na meja kupitia mwili wa koplo, na platuni ingekaa kutazama nani atashinda. Alimwita sajini wake, mtu mzima aliyezeekea jeshini, akamwambia: andika yote, saa, tarehe, na majina ya waliokuwepo. Kesi ya nidhamu huenda mbele ya kamati, na kamati hailishwi kwa hasira. Inataka maandishi na mashahidi. Hata asipolitumia, daftari lile lilimtuliza mkono.

Pili, akapiga pasi sare yake, akaenda kwa kamanda wake wa kombania, akaomba ruhusa ya kumwona meja. Sehemu hii ninaipenda. Angeweza naye kutafuta mkubwa wa kumzidi meja. Alikuwa na mjomba mwenye cheo. Hakumpigia.

Mbele ya meja alipiga saluti na kusema sentensi alizokuwa amezikariri njia nzima. "Afande, gari lile na dereva wake vimeandikwa kwangu. Likipata ajali, ninajibu mimi. Kama lina kazi yako, naomba liandikwe kwako, na dereva pia, na mafuta. Kama litabaki kwangu, naomba amri zako zipite kwangu, nami nitazitimiza siku hiyohiyo." Hakutaja mluzi. Hakulalamika kwamba amedharauliwa.

Meja alimtazama kwa muda mrefu. Wiki iliyofuata gari likahamishiwa kwa meja. Koplo akabaki kwenye platuni, bila gari, anatembea kwa miguu kama wenzake. Luteni akawa hana usafiri kwa miezi minne, naye pia akatembea, na vijana wakamwona anatembea.

"Kwa hiyo ulishindwa?" nilimwuliza.

"Nilipoteza gari."

Sajini ndiye aliyemshughulikia koplo kila siku, kimyakimya: bereti, vifungo, kuitika jina. Miezi kadhaa ikapita. Jioni moja koplo alikuja hemani kwa luteni na karatasi ya ruhusa. Mama yake alikuwa taabani kijijini. Alisimama wima, visigino vimegusana, na karatasi ikitetemeka kidogo mkononi. Luteni aliitia sahihi palepale, akamwongezea siku mbili, akamtafutia nafasi kwenye lori la alfajiri.

Nilitaka kujua kama alimkumbusha mluzi wake, walau kwa neno moja.

Mzee aliniangalia kama mtu asiyelielewa swali. "Mama yake alikuwa mgonjwa," alisema, akanisogezea kikombe.