Mwenye Mzigo Kwanza: Adabu ya Njia Katika Milima ya Rungwe

Siku ya gulio, vijia vinavyoshuka kutoka vijijini kuelekea Tukuyu hujaa tangu alfajiri. Akina mama hutangulia na mikungu ya ndizi kichwani. Vijana huwafuata wakiwa wamefunga mikungu mingine kwenye keria za baiskeli, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye mzigo. Wanafunzi hukatiza katikati ya mashamba ya chai ya Katumba, na mfugaji hurudi nyumbani na mzigo wa majani ya ng'ombe unaomfunika mpaka mabegani, asione kushoto wala kulia. Katika njia hiyohiyo, isiyozidi upana wa hatua mbili, siku hizi wamo pia watu wawili wasiokwenda sokoni wala shambani: mkimbiaji aliye mazoezini na mwendesha baiskeli ya milimani anayetafuta mteremko.

Si ajabu wameipenda Rungwe. Mji wa Tukuyu uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,500, ubavuni mwa Mlima Rungwe unaokaribia mita 3,000. Upande wa kusini nchi inateremka hadi Kyela na ufuko wa Ziwa Nyasa, ulio chini ya Tukuyu kwa karibu mita 1,000. Katikati yapo mabonde ya mto Kiwira, Daraja la Mungu, ziwa la kreta la Masoko, maporomoko ya Kaporogwe, na Mlima Kyejo ambao ulitoa lava mara ya mwisho kama miaka 200 iliyopita. Hali ya hewa ni ya baridi, udongo ni laini, na kila kijiji kina vijia vyake. Barabara ya lami ipo, lakini ndiyo inayobeba malori yaendayo Kasumulu na Malawi. Anayetaka kukimbia bila kumeza moshi, au kuendesha bila kusukumwa mtaroni na semitrela, huacha lami na kuingia kwenye njia za wakulima.

Hapo ndipo suala la kupishana linapoanza.

Kiini cha tatizo ni mwendo. Baiskeli inayoteremka kwa kilomita 30 kwa saa inakwenda zaidi ya mita 8 kila sekunde. Mkimbiaji anayekuja kwa kilomita 12 kwa saa anaongeza mita 3 na ushei. Wawili hao wakikutana kwenye kona ambayo kila mmoja anaona mita 20 tu mbele yake, hawana hata sekunde mbili kabla ya kugongana. Sekunde ya kwanza inaishia kwenye mshtuko. Iliyobaki haitoshi kusimamisha baiskeli, hasa kwenye udongo wa Rungwe uliolowa, ambako gurudumu lililofungwa breki kwa nguvu huteleza badala ya kusimama. Kwenye mashamba ya chai hali ni ngumu zaidi, kwa sababu mistari ya michai humficha mchumaji aliyeinama mpaka umfikie.

Ugomvi wa aina hii una historia. Baiskeli ya milimani kama tunavyoijua ilizaliwa California, Marekani, katika wilaya ya Marin. Oktoba 1976 vijana wa huko walifanya shindano lao la kwanza la kuteremka njia iliyopewa jina la Repack, wakitumia baiskeli kuukuu zenye matairi mapana. Miaka michache baadaye maduka yalikuwa yakiuza baiskeli zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, na njia za Mlima Tamalpais zilijaa malalamiko ya watembea kwa miguu na wapanda farasi. Njia nyingi nyembamba zilifungwa kwa baiskeli. Kwenye zile zilizobaki, mamlaka iliweka kikomo cha mwendo: takriban kilomita 24 kwa saa kwa kawaida, na takriban kilomita 8 tu unapompita mtu au unapoingia kwenye kona isiyoonekana. Walinzi walifikia hatua ya kusimama vichakani na vifaa vya kupimia mwendo, kama trafiki wa barabara kuu.

Mwaka 1988 waendesha baiskeli wenyewe waliunda chama cha kimataifa, IMBA, kwa hofu kwamba wasipojitungia adabu watatungiwa marufuku. Kanuni zake zimeenea duniani: endesha kwenye njia zinazoruhusiwa tu, usiharibu ardhi, tawala baiskeli yako, toa njia inapostahili, usitishe wanyama, na jiandae kabla ya safari. Kuhusu kutoa njia, utaratibu wake ni mwepesi kukumbuka. Mwenye baiskeli humpisha kila mtu, awe anatembea, anakimbia au amepanda farasi. Anayekwenda kwa miguu humpisha farasi. Na anayeteremka humpisha anayepanda, kwa kuwa aliye mlimani akisimama hupata tabu kuanza tena.

Utaratibu huo unafaa Rungwe, ila umemsahau mtu mmoja. Ulitungwa mahali ambapo kila aliye njiani amekwenda kustarehe. Hakuna katika kanuni za IMBA mama mwenye mkungu kichwani, wala kijana mwenye kilo mia moja za ndizi kwenye keria. Hawa hawako njiani kwa mazoezi. Njia ndiyo duka lao, shamba lao na ada ya shule ya watoto wao. Mwenye mzigo kichwani hawezi kugeuza shingo aone kinachokuja nyuma, na akishtuka mzigo unaanguka. Mwenye ndizi kwenye baiskeli, anapoteremka, hawezi kusimama hata akitaka.

Wakazi wa Goma, mashariki mwa Kongo, wanalijua hilo vizuri kupitia chukudu, ile skuta kubwa ya mbao inayobeba makaa, viazi na kabichi kutoka milimani kushuka mjini. Breki yake mara nyingi ni kipande cha tairi kinachokanyagwa kwa mguu dhidi ya gurudumu la nyuma. Chukudu iliyojaa ikianza kushuka, anayesubiri ipunguze mwendo ndipo apishe amechelewa. Kwa hiyo kanuni ya kwamba anayeteremka ampishe anayepanda hugeuka anapoingia mbebaji: mwenye mzigo, awe anapanda au anashuka, anapita kwanza.

Kwa Rungwe, basi, mpangilio unaoleta maana ni huu. Mwenye mzigo yuko juu ya wote, pamoja na mifugo na anayeiongoza. Wanafuata watembea kwa miguu, hasa wazee na watoto. Kisha mkimbiaji. Mwisho kabisa ni mwendesha baiskeli aliye mazoezini au matembezini, kwa sababu ndiye mwenye kasi, ndiye mwenye breki, na ndiye asiyepoteza kitu akisimama.

Wanyakyusa, wenyeji wa Rungwe, si wageni katika mambo ya kupishana njiani. Godfrey na Monica Wilson, watafiti waliokaa Unyakyusa kwa vipindi kati ya 1934 na 1938, walieleza kwa urefu mwiko uliomtaka mke wa mwana amwepuke baba mkwe. Hakutakiwa kumtazama wala kutaja jina lake, na akimwona anakuja alipaswa kuacha njia na kujificha mpaka apite. Adabu ile iliheshimika, lakini uzito wake wote uliangukia kwa mwanamke. Adabu ya mbio na baiskeli inapaswa kwenda kinyume chake: anayekaa pembeni awe yule mwenye nguvu na mwendo.

Kuna mila nyingine ya hapa isiyohitaji marekebisho, nayo ni salamu. Milimani Rungwe watu hawapishani kimya. Mpita njia husema "ugonile" kwa rika lake, "mugonile" kwa mkubwa au kwa watu wengi, na Mswahili hutoa "shikamoo" yake. Ukiichunguza, salamu inayotolewa mapema hufanya kazi ya kengele: inamjulisha aliye mbele kwamba kuna mtu nyuma yake, yuko umbali gani na anakuja kwa mwendo gani, tena bila kumshtua. Kengele ya baiskeli ikipigwa ghafla mtu akiwa hatua tatu mbele humrusha pembeni, na mara nyingi humrusha upande uleule mwenye baiskeli aliotaka kupita.

Mwendesha baiskeli mwenye akili hupiga kengele akiwa mbali, mita 30 au zaidi, kisha hupunguza mwendo, husalimia, na ndipo husema anapopita: "Naomba njia, napita kulia kwako." Kwa kuwa Tanzania hukaa kushoto, kupita kulia ndiko kunakotarajiwa, na kulisema huondoa shaka. Wakiwa kundi, wa mbele hutaja idadi: "Tuko wanne." Bila hivyo aliyepisha hurudi njiani baada ya wa kwanza na kukutana uso kwa uso na wa pili. Mbele ya ng'ombe, mtoto mdogo au mtu mwenye mzigo, jibu ni kushuka na kukokota. Na anaposimama kupisha, aangalie anakokanyaga. Kandokando ya njia za Isongole kuna matuta ya viazi, kwingine kuna maharage, na kuyakanyaga kwa jina la adabu ni kuhamisha hasara kutoka kwa mtu mmoja hadi kwa mwingine.

Mkimbiaji naye ana deni lake. Mara nyingi hujiona ni mwathirika tu wa baiskeli, huku yeye akimtokea bibi mwenye kuni kwa nyuma, akihema, bila neno. Kosa lake kubwa ni kuziba masikio yote mawili kwa muziki. Baiskeli nzuri haina kelele. Ukiondoa sauti ya kengele na ya mtu, mkimbiaji hana namna ya kujua kinachokuja. Sikio moja likibaki wazi linatosha kuokoa mguu. Kosa la pili ni kugeuka ghafla. Mkimbiaji aliyemaliza mzunguko wake hukata kona na kurudi alikotoka bila kutazama nyuma, na aliyekuwa anampita hukosa pa kwenda. Kosa la tatu ni la makundi: vijana wanne kukimbia wakiwa wamejipanga sambamba, wakizungumza, njia nzima ikiwa yao. Mashindano kama Tulia Marathon ya Mbeya yamewavuta wengi kwenye mbio, na kujipanga mmoja nyuma ya mwingine kwenye njia nyembamba ni sehemu ya mazoezi kama ilivyo kupasha misuli moto.

Majira nayo yana kauli. Sehemu nyingi za Rungwe hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, nyingi zikinyesha kati ya Novemba na Mei. Gurudumu linalopita kwenye tope huchora mfereji. Maji hufuata mfereji, huuchimba, na baada ya masika moja kijia kilichokuwa laini kinakuwa korongo dogo ambalo mama mwenye mzigo atalazimika kulivuka kila siku. Mvua kubwa ikinyesha, mwenye baiskeli ya starehe atumie barabara ya changarawe mpaka njia ikauke. Miezi ya baridi, Juni hadi Agosti, huleta ukungu unaoweza kuficha mtu aliye hatua chache tu mbele. Taa ya mbele na nguo ya rangi inayong'aa husaidia, lakini kupunguza mwendo husaidia zaidi.

Wengine Afrika Mashariki wametafuta suluhisho la kutenganisha. Msitu wa Karura jijini Nairobi, ambao Wangari Maathai alipigania usigawiwe wajenzi mwishoni mwa miaka ya 1990, una zaidi ya hekta 1,000 na hupokea wakimbiaji, familia na baiskeli. Njia panda zake zina nguzo zenye namba, na baiskeli zimetengewa njia zake. Anayeumia anaweza kutaja namba ya nguzo iliyo karibu na kupatikana haraka. Rwanda imechagua kushirikisha: njia ya Congo Nile, yenye urefu wa kilomita 227 kando ya Ziwa Kivu, hutumiwa na wapanda baiskeli, watembezi na wanavijiji kwa pamoja, ikipita katikati ya makazi yao. Huko North Carolina, Marekani, eneo la Tsali hugawa siku: leo farasi upande huu na baiskeli upande ule, kesho kinyume chake.

Rungwe haiwezi kuiga Karura moja kwa moja, kwa sababu vijia vyake vingi ni vya vijiji, na mwanakijiji hawezi kuambiwa aache njia ya shambani kwake ili mgeni ateremke. Hata hivyo, kugawa saa kunawezekana. Siku za gulio asubuhi, na saa za watoto kwenda na kutoka shule, si wakati wa kujaribu mwendo. Ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Mlima Rungwe, iliyotangazwa mwaka 2009 na kusimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS, mambo yana utaratibu wake rasmi. Huko ndiko anakoishi kipunji, kima aliyetambulishwa kwa wanasayansi mwaka 2005. Anayetaka kuingia huko, kwa mguu au kwa baiskeli, apite kwanza ofisini aulize kinachoruhusiwa.

Yaliyobaki yanaweza kumalizwa na mkutano wa kijiji bila bajeti kubwa. Serikali za vijiji, klabu za mbio na wanaoongoza watalii wakae pamoja wakubaliane ni vijia vipi viko wazi kwa baiskeli, saa zipi, na kona zipi zinahitaji kibao cha mbao chenye maneno matatu: "Punguza mwendo, salimia." Klabu zinazotumia njia hizo zishiriki pia kuzitengeneza baada ya masika, jembe mkononi, kwa kuwa wanakijiji wamekuwa wakifanya hivyo peke yao muda wote. Nawe msomaji unayejiandaa kupanda Rungwe mwishoni mwa wiki, kagua breki na kengele kabla ya kutoka, acha sikio moja wazi, na ukimwona mama mwenye mkungu anakuja, shuka umpishe.